Paipu za Breki Zilizoliwa na Kutu: Namna ya Kuzibadilisha Katika Gari la Zamani

Paipu ya breki ni mrija mwembamba wa chuma unaopeleka mafuta ya breki kutoka masta silinda hadi kwenye magurudumu. Katika magari mengi madogo ya Kijapani upana wake wa nje haufiki milimita 5, na unene wa ukuta wake ni takriban milimita 0.7 tu. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, presha ndani ya mrija huo hupita psi 1,000, ilhali tairi za gari hilohilo hujazwa upepo wa psi 30 hivi. Ukuta ulioliwa na kutu unaweza kuvumilia breki za kawaida za kila siku kwa miezi mingi. Siku unapopasuka, mara nyingi ni siku ile dereva amekanyaga kwa nguvu zake zote kwa sababu mtoto amekatiza barabara. Ndiyo maana kazi ya kubadilisha paipu hizi, ingawa haihitaji mashine kubwa, haitaki kulipuliwa.

Breki za mafuta zinavyofanya kazi

Mafuta ya breki hayabanwi yakapungua ujazo. Pedali inapokanyagwa, pistoni ndani ya masta silinda huyasukuma, na nguvu hiyo hufika papo hapo kwenye kalipa za mbele na silinda za nyuma, ambako pedi hubana diski na viatu vya breki husukumwa kwenye drami. Mfumo huu ulibuniwa na Mmarekani Malcolm Loughead, na gari la kwanza kuuzwa likiwa na breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne lilikuwa Duesenberg Model A la mwaka 1921. Tangu wakati huo kanuni haijabadilika: mafuta yawe yamejaa, upepo usiwepo, na kusiwe na mahali popote panapovuja.

Udhaifu wa mpango huo ni kwamba tundu moja huweza kuangusha kila kitu. Kwa sababu hiyo magari yaliyoundwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 yana masta silinda yenye vyumba viwili, kila chumba kikihudumia magurudumu mawili. Baadhi ya magari hugawa mbele na nyuma. Mengine hugawa mshazari, gurudumu la mbele kulia likiwa pamoja na la nyuma kushoto. Paipu moja ikipasuka, nusu ya breki hubaki. Lakini pedali huzama chini kwa ghafla, na umbali wa kusimama huongezeka sana. Breki iliyobaki inatosha kulisimamisha gari pembeni. Haitoshi kuendeleza safari.

Kutu inakoanzia

Paipu za kiwandani hutengenezwa kwa chuma na kupakwa zinki, na mara nyingi juu yake huwekwa utando wa plastiki. Zinki huliwa kwanza ili chuma kisalimike. Changarawe zikichubua utando na zinki ikaisha, unyevu hupata chuma kitupu. Chumvi huharakisha mambo, kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji matupu, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaopita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine.

Chumvi hiyo hulifikia gari kwa njia mbili. Ya kwanza ni barabara za nchi za baridi, ambako chumvi humwagwa wakati wa theluji. Mwezi Aprili 2015 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa tahadhari kwa wenye magari yaliyoundwa mwaka 2007 na kabla yake katika majimbo ya namna hiyo. Waliambiwa waoshe uvungu wa gari, wakague paipu, na wakikuta kutu inayobanduka kwa magamba wabadilishe paipu zote kwa pamoja. Tahadhari hiyo inawahusu pia wanunuzi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa gari lililotumika Uingereza au kaskazini mwa Japani lilipita kwenye chumvi hiyo kabla ya kupakiwa melini. Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yasiyozidi umri wa miaka 8; gari lililoingia likiwa na umri huo na kutumika miaka mingine 15 lina paipu za miaka 23.

Njia ya pili ni hewa ya bahari. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, upepo hubeba chumvi hadi kwenye uvungu wa gari hata kama halijawahi kukanyaga ufuo. Magari yanayobeba samaki wabichi au kuegeshwa karibu na maji huumia zaidi.

Kutu haili paipu sawasawa urefu wote. Huanzia pale unyevu unapokwama: chini ya klipu za plastiki, juu ya tangi la mafuta, juu ya ekseli ya nyuma, ndani ya vibanda vya magurudumu, na pale paipu inapoungana na mpira wa breki. Sehemu inayoonekana kirahisi huwa nzuri, na iliyojificha huwa imeoza. Anayechungulia chini ya mlango tu hawezi kusema paipu za gari hilo ni nzima.

Kukagua

Ukaguzi wa maana huanza kwa kuliosha gari uvungu na kuliinua. Jeki ni ya kuinulia tu. Kabla mtu hajaingia chini, gari hukalishwa juu ya stendi za chuma, mahali pagumu na tambarare, na magurudumu yaliyobaki chini huwekewa vizuizi. Kisha kila paipu hufuatwa kwa tochi kutoka mwanzo hadi mwisho, klipu zikifunguliwa ili kilicho chini yake kionekane.

Kutu nyepesi ya juujuu hutoka kwa brashi laini ya waya na kuacha chuma laini. Hiyo inaweza kupakwa grisi na kuangaliwa tena. Paipu iliyo na vishimo, iliyovimba, inayotoa magamba au yenye jasho la mafuta imekwisha. Haifai kukwaruzwa sana ili ionekane safi, kwa maana kukwaruza huondoa kile kidogo kilichobaki cha ukuta.

Dereva naye ana dalili zake. Kikopo cha mafuta ya breki kinapungua ingawa pedi hazijaisha. Pedali inazama polepole mguu ukiwa juu yake. Taa nyekundu ya breki inawaka wakati wa kona au breki kali. Kuna alama ya unyevu upande wa ndani wa tairi. Yoyote kati ya hizi inatosha kuliegesha gari mpaka chanzo kijulikane.

Viraka visivyokubalika

Gari la biashara likiharibika, kila saa ina hasara yake, na hapo ndipo njia za mkato huzaliwa. Ya kwanza ni kuziba: paipu inayokwenda gurudumu linalovuja hupondwa au kuwekewa kizibo, ili magurudumu matatu yaendelee. Gari kama hilo huvuta upande mmoja kila breki zinapokanyagwa, na katika mvua huweza kugeuka kabisa. Ya pili ni kukata kipande kilichooza na kuunganisha kwa mpira na bano za nyuzi, kitu ambacho presha ya breki hukitupa mara moja. Ya tatu ni kuchomelea kwa risasi au shaba; joto huunguza kinga ya paipu, na kiungo hupasuka kwa mtikisiko. Ya nne ni viungio vya kubana kwa pete, vile vya mabomba ya maji. Havikuundwa kwa presha hii.

Hata kiraka kizuri hakijibu swali lenyewe. Paipu iliyotoboka juu ya ekseli ina umri uleule na imepita njia zilezile na sehemu yake iliyo juu ya tangi. Kuziba tundu moja ni kusubiri la pili. Kwa hiyo kanuni ya kazi hii ni kubadilisha paipu nzima, kutoka kiungio hadi kiungio, na kama moja ya nyuma imeoza, kuzihesabu zote za nyuma kuwa zimeoza mpaka ukaguzi uthibitishe vinginevyo.

Kuchagua paipu

Paipu mpya hupatikana kwa namna tatu. Kuna iliyokwisha kupindwa na kufungwa nati kiwandani kwa ajili ya gari husika. Hiyo ni ya kufunga tu, ila kwa magari ya zamani ni adimu. Kuna ya chuma iliyopakwa kinga, inayouzwa kwa mita. Ni imara na ya bei nafuu, lakini ni ngumu kupinda na itashika kutu tena. Na kuna ya aloi ya shaba na nikeli, yenye nikeli takriban asilimia 10 na chuma kidogo. Hii haishiki kutu ya chumvi, hupindika kwa mkono, na mdomo wake hutengenezeka bila kupasuka. Volvo ilianza kuitumia katika magari yake miaka ya 1970. Kwa gari linaloishi pwani, tofauti ya bei hurudi mapema.

Paipu ya shaba tupu, kama zile za friji na kiyoyozi, si mbadala. Shaba tupu hukakamaa kwa mtikisiko wa miaka na kupasuka, na paipu ya friji haikupimwa kwa kazi ya breki. Paipu iliyotolewa kwenye gari lililochinjwa nayo haifai: ina umri wake na kutu yake, na hupoteza nguvu inaponyooshwa na kupindwa upya.

Nati hununuliwa pamoja na paipu. Magari ya Kijapani mengi hutumia nati ya uzi wa milimita 10 yenye hatua ya milimita 1, inayofunguliwa kwa spana namba 10. Umbo la mdomo lazima lilingane na kiungio. Magari ya Kijapani hutumia mdomo wa faneli uliokunjwa mara mbili kwa pembe ya nyuzi 45. Magari mengi ya Ulaya hutumia mdomo wa duara kama kitunguu kidogo. Midomo hii miwili haibadilishani, hata kama uzi wa nati unakubali. Ikichanganywa huvuja, na kukaza zaidi huharibu kiungio.

Kufungua ya zamani

Nati zilizoshika kutu humwagiwa mafuta ya kulegeza siku moja kabla, tena zaidi ya mara moja. Spana ya kawaida hushika pande mbili tu za nati na kuimung'unya. Inayofaa ni spana ya ringi yenye mkato wa kupitishia paipu, kwa kuwa hushika karibu nati nzima. Kama paipu inatupwa, ni rahisi zaidi kuikata karibu na nati, kisha kuifungua nati kwa soketi ndefu. Upande wa mpira wa breki, kichwa cha mpira hushikiliwa kwa spana ya pili ili usisokoteke.

Mafuta yataanza kudondoka mara kiungio kinapofunguka. Tundu huzibwa kwa kifuniko safi cha mpira, kwanza ili uchafu usiingie, pili ili masta silinda isikauke. Hilo ni muhimu zaidi kwa gari lenye ABS, kwa sababu upepo ukiingia katika kitengo chake, wakati mwingine hautoki bila mashine ya uchunguzi ya kompyuta ya kuendesha pampu yake. Mafuta ya breki hula rangi ya gari. Yakimwagika huoshwa kwa maji mara moja.

Paipu ya zamani haitupwi bado. Ikitolewa nzima, au kwa vipande vilivyopangwa chini kwa mfuatano, ndiyo ramani ya mpya. Urefu hupimwa kwa kamba au waya laini unaofuata kila kona, na sentimita chache huongezwa kwa ajili ya midomo na makosa madogo.

Kukata na kutengeneza mdomo

Hapa ndipo ubora wa kazi yote unapoamuliwa. Paipu hukatwa kwa kikata paipu cha gurudumu dogo, kinachozungushwa na kukazwa kidogo kidogo. Msumeno wa chuma huacha mkato wa mshazari na unga wa chuma ndani. Baada ya kukata, ukingo wa ndani na wa nje husafishwa ili usiwe na makali, na ncha hunyooshwa kwa tupa mpaka iwe mraba kabisa.

Nati huvishwa kwenye paipu kabla ya mdomo kutengenezwa, uzi wake ukielekea ncha. Fundi aliyesahau hilo hukata mdomo mzuri na kuanza upya. Kisha paipu hubanwa katika kibano cha kifaa cha kutengenezea mdomo, ikitokeza juu kwa kimo sawa na bega la kidude kinachokuja nacho. Kidude hicho huchomekwa kwenye tundu la paipu na kukandamizwa kwa skrubu. Ukingo hutanuka na kuumuka kama kengele ndogo. Kidude kinapoondolewa, koni hukandamizwa mahali pake, na ukingo uliotanuka hujikunja kuelekea ndani. Matokeo ni faneli yenye tabaka mbili za chuma. Tabaka hizo mbili ndizo zinazouzuia mdomo kupasuka nati inapokazwa.

Mdomo mzuri uko katikati ya paipu, una upana sawa pande zote, na uso wake ni laini. Ukiegemea upande, ukiwa na ufa au mkwaruzo, hukatwa ukatengenezwa mwingine. Mafundi makini hutengeneza midomo kadhaa ya majaribio kwenye kipande cha kutupa kabla ya kugusa paipu yenyewe. Mwisho, paipu hupulizwa upepo safi ili unga wote utoke.

Kupinda na kufunga

Paipu hupindwa kwa kifaa cha kupindia au kuzungushwa kwenye kitu cha duara kama soketi kubwa. Kona kali hubonyeza paipu na kubana njia ya mafuta. Njia mpya hufuata ya kiwandani, kwa kuwa wahandisi waliipitisha mbali na ekzosi, mbali na sehemu zinazocheza, na juu kuliko mawe yanavyofika. Karibu na masta silinda, mzunguko mmoja au miwili iliyokuwepo hurudishwa, maana hiyo humeza mtikisiko.

Nati zote huanzwa kwa vidole. Isiyoingia kwa vidole haijakaa sawa, na spana italazimisha uzi kuharibika. Zikishashika zote, klipu hurudishwa, zilizovunjika zikinunuliwa mpya, na paipu huhakikishwa kuwa haigusi chuma popote. Ndipo nati hukazwa, kwa kawaida Nm 15 hivi kwa paipu za magari madogo ya Toyota. Kukaza kupita kiasi huponda mdomo, na anayekaza zaidi kwa hofu ya kuvuja ndiye anayesababisha kuvuja.

Huu pia ndio wakati wa kuitazama mipira ya breki. Mpira wenye nyufa au uliovimba hubadilishwa sasa, kwa sababu kuuacha ni kuifanya kazi hii mara mbili.

Kutoa upepo

Mafuta mapya hutoka kwenye chupa iliyofunguliwa siku hiyohiyo. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu hushusha kiwango cha kuchemka. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Katika mteremko mrefu, mafuta yaliyozeeka huchemka na kutoa mvuke, na pedali huwa laini kama haina kitu. Aina hufuatwa kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. Mafuta ya injini au ya usukani hayawekwi kamwe: huvimbisha raba zote za mfumo.

Upepo hutolewa na watu wawili. Mpira mwembamba unaoonyesha huvishwa kwenye nipo ya gurudumu, yaani skrubu ya kutolea upepo, na ncha ya pili ya mpira huo huzamishwa kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Aliye chini husema, "Kanyaga!" Aliye kwenye usukani hukanyaga taratibu mara chache. "Shikilia!" Mguu hubaki chini, nipo hufunguliwa, mafuta hutoka na mapovu, nipo hufungwa. "Achia!" Ndipo pedali huachwa irudi. Mguu ukirudi kabla nipo haijafungwa, upepo huvutwa ndani upya. Kazi hurudiwa mpaka mafuta yatoke bila povu hata moja, na baada ya kila mizunguko michache kikopo hujazwa ili kisikauke.

Kwa kawaida huanzwa gurudumu lenye paipu ndefu zaidi. Kwa gari la usukani wa kulia lenye masta silinda upande wa dereva, hilo ni la nyuma kushoto. Hata hivyo kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho, hasa kwa mfumo wa mshazari na wa ABS. Pikapu na mabasi madogo mengi huwa na vali karibu na ekseli ya nyuma inayopima mzigo, na baadhi ya vali hizo zina nipo yake. Katika gari la zamani pedali haisukumwi mpaka sakafuni kwa nguvu: raba za masta silinda hupita sehemu zisizozoeleka, zenye kutu na uchafu, na huweza kukatika siku hiyohiyo.

Kupima kazi

Gari likiwa bado juu ya stendi, injini huwashwa na mtu mmoja hukanyaga breki kwa nguvu na kushikilia kwa dakika nzima. Mwingine hupita kila kiungio kwa tochi na karatasi kavu. Karatasi ikitoka na unyevu, kiungio hicho hufunguliwa na kuchunguzwa. Hakikazwi tu na kuachwa. Pedali iwe ngumu, isizame, na isipande juu kwa kukanyagwa mara kwa mara, dalili ambayo huonyesha upepo umebaki.

Majaribio ya kwanza hufanywa mahali patupu kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha mwendo mdogo, na gari linatakiwa kusimama bila kuvuta upande. Baada ya siku chache za matumizi, viungio hukaguliwa tena na kiwango cha mafuta kwenye kikopo hulinganishwa na alama iliyowekwa. Kuanzia hapo, kila gari linapofanyiwa sevisi uvungu wake huoshwa na paipu hufuatwa kwa tochi, pamoja na zile ambazo hazikubadilishwa. Mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, na yale ya zamani hupelekwa panapokusanywa mafuta machafu ya gereji, wala hayamwagwi mtaroni.